Plagi Sita za Gari la Maharusi

Marehemu mume wangu, Zedekiah Were, hakuwahi kuchukua kitu cha mtu. Naanza na neno hilo kwa sababu bado wapo watu hapa Riruta, na wengine hukaa nami benchi moja kanisani, ambao wakisikia jina lake hukumbuka kwanza habari ya plagi. Waliisikia nusu. Mimi niliiona yote, na mikono hii yangu ilizungusha hendeli, kwa hiyo nitaisimulia mimi.

Zedekiah alijifunza ufundi katika karakana za jeshi wakati wa vita. Alitoka huko na cheti, na kidole kimoja kilichopungua nusu. Baada ya vita alitunza magari ya Mzungu mmoja wa Muthangari kwa miaka saba, na yule Mzungu aliporudi kwao, Zedekiah akapata nafasi mjini Nairobi, katika ua wa nyuma wa duka la Bwana Jabir Taib. Bwana Jabir alikuwa mtu wa Mombasa. Aliuza kanzu, kofia, udi na marashi, na zaidi ya hayo alikuwa na gari kubwa jeusi la mwaka 1937 ambalo kazi yake ilikuwa kuwabeba maharusi. Lilitunzwa kama mtoto wa pekee. Dereva wake, Nzomo, alilipangusa kila asubuhi kwa kitambaa cha flana, na asiyenawa mikono hakuruhusiwa kuligusa.

Mimi nilikuwa nafundisha katika shule ndogo ya kanisa hapa Riruta. Tulipanga vyumba viwili kwa Mzee Mungai, na Zedekiah alikwenda mjini kila siku kwa baiskeli, shati limepigwa pasi, ovaroli imekunjwa nyuma ya kiti. Alikuwa fundi asiyependa kuonekana mchafu njiani. Na alikuwa na desturi mbili ambazo ni lazima nizitaje. Ya kwanza, kila kitu kikuukuu alichokitoa katika gari alikifunga kwa gazeti na kumrudishia mwenyewe, hata kama ni msumari. Ya pili, alipofungua plagi, vile vidude vinavyotoa cheche ya kuwashia petroli ndani ya injini, hakuzitupa ovyo mezani. Alizipanga kwa mfuatano wa silinda katika bati langu la kuokea mikate, kisha akaziangalia moja moja kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Njoo usome, Mwalimu," aliniambia siku moja alipozileta nyumbani. Mbele ya watu aliniita Mama Philister, kwa jina la binti yetu, lakini akitaka kunichokoza aliniita Mwalimu. "Hii yenye rangi ya chai ya maziwa ina afya. Hii nyeupe inaungua. Hii yenye mafuta, silinda yake imechakaa. Na hii yenye masizi makavu ama inanyweshwa petroli kupita kiasi, ama cheche yake ni dhaifu, haiwezi kuchoma inachopewa."

"Na bati langu la mikate?"

"Bati nitaliosha."

Hakuliosha vizuri. Nililiosha tena mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1957 gari la maharusi lilianza kuzima. Lilianza kwa kukohoa, likaruka kidogo, kisha likanyamaza katikati ya ngoma na vigelegele, bibi harusi ndani. Zedekiah alifungua plagi zote sita, akazikuta nyeusi sawasawa. Alizisafisha, gari likaenda vizuri wiki nzima, halafu harusi iliyofuata likazima tena. Bwana Jabir akachoka. Akamkabidhi plagi sita mpya, bado zimo katika viboksi vyake. Zedekiah akazifunga, na zile kuukuu akazivingirisha kwa gazeti na kumpa Nzomo.

Wiki tatu baadaye gari lilizima mbele ya nyumba ya bwana harusi, mvua ikinyesha, na jamaa walilisukuma wakiwa katika kanzu zao nyeupe. Mtu mmoja akamwita fundi mwingine aliyekuwa karibu. Yule fundi akafungua plagi moja, akaiona nyeusi tititi, akacheka.

"Hii mpya? Hii ina umri wa baba yangu. Bwana, mtu wako amekula plagi zako akakuwekea zile za zamani."

Maneno hayo yalisemwa mbele ya watu wapatao hamsini. Ilipofika jioni, yalikuwa yamefika Riruta.

Jumatatu Bwana Jabir alimwita Zedekiah dukani. Nami nilikuwepo, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na nilikuwa nimempelekea chakula.

"Fundi," alisema, wala hakumtazama, "miaka miwili sijapata kukushuku. Niambie ukweli. Plagi zangu ziko wapi?"

"Ziko ndani ya gari, Bwana Jabir. Na zile kuukuu nilimpa Nzomo, zimefungwa kwa gazeti."

Nzomo aliitwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuja akitazama chini. "Alinipa, ni kweli," alisema. "Lakini sikufungua gazeti. Nilitupa yote mtoni. Mimi ningejua namna gani kwamba takataka itahitajika?"

"Basi hakuna shahidi," alisema Bwana Jabir. "Sikiliza, Fundi. Jumapili ijayo anaolewa mtoto wa dada yangu, na wageni wanatoka Mombasa. Gari likizima siku hiyo, Jumatatu tutazungumza mbele ya polisi."

Wasomaji vijana huenda wasielewe uzito wa neno hilo. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mwafrika aliyeandikwa wizi katika karatasi zake hakukaa Nairobi. Alirudishwa kwao, na hakuna gereji wala nyumba ya Mzungu, iwe Muthangari au Karen, iliyomfungulia mlango tena. Mimi ningebaki mke wa mwizi mbele ya watoto niliowafundisha amri kumi. Binamu yake Lazarus, aliyekuwa karani, alikuja kwetu siku ileile kumshauri aombe msamaha mapema.

"Sema ni shetani alikudanganya," alisema Lazarus. "Waarabu husamehe upesi."

"Shetani mwenyewe atashangaa," Zedekiah akajibu. "Plagi hatumii."

Lazarus hakucheka, nami sikucheka. Nilitoa daftari jipya la shule nikaketi mezani. "Baba Philister," nilimwambia, "nieleze kila siku gari lilipozima. Tarehe, mahali, hali ya hewa, na nani alikuwa ndani."

Tuliandika mara saba. Kulikuwa na siku za jua na siku za mvua, barabara za mlima na za tambarare. Nilipigia mstari neno moja lililojirudia katika kila ukurasa. Mara zote saba alikuwemo bibi harusi. Katikati ya wiki, Nzomo alipompeleka Bwana Jabir benki au msikitini, gari halikukohoa hata mara moja.

"Labda ni mwendo," alisema Zedekiah. "Harusi huenda polepole nyuma ya ngoma. Injini ikienda pole kwa muda mrefu hujaa masizi."

Jumatano yeye na Nzomo waliliendesha gari kwa mwendo wa mtu anayetembea, muda wa saa nzima, kwenda na kurudi Barabara ya Ngong, magari mengine yakiwapigia honi na kuwatukana. Halikuzima. Walipolirudisha uani, nami nilikuwa hapo, Nzomo alishuka akipangusa jasho.

"Gari hii ina wivu," alisema. "Haitaki kuona mtu anaolewa."

"Nzomo," nilimwambia, "siku ya harusi kuna nini ambacho leo hakukuwepo?"

Alihesabu kwa vidole. "Kuna maua. Kuna ngoma. Kuna wamama kumi wanagombania viti vinne. Kuna mimi, nimevaa tai."

Basi hatukupata kitu. Lakini Zedekiah alikuwa ameanza kufikiri vingine. Alisema petroli ingekuwa nyingi gari lingekohoa hata katikati ya wiki, na ikiwa mwendo si kosa, basi masizi yale si ugonjwa wenyewe. Cheche ndiyo iliyokuwa dhaifu. Umeme ulikuwa unapotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi, na plagi isiyopata cheche huloana kwa petroli isiyoungua, kisha huwa nyeusi hata ikiwa ya jana. Yule fundi aliyecheka aliona weusi akadhani ni uzee.

"Lakini unapotelea wapi?" niliuliza.

"Hapo ndipo nataka giza."

Ilikuwa saa sita mchana siku ya Alhamisi, jua limesimama juu ya ua. Zedekiah alichukua blanketi letu la jeshi, lile zito la kijivu, akafunua boneti na kujifunika pamoja na injini, kama mpiga picha na kamera yake. Nzomo aliketi kwenye usukani. Mimi nilikunja mikono ya blauzi yangu ya kufundishia nikashika hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele.

"Zungusha!" sauti ilitoka chini ya blanketi.

Nilizungusha. Kichwa cha Nzomo kilijitokeza dirishani. "Mwalimu, nguvu! Fikiria ni mtoto hajafanya hesabu!"

Nilizungusha mpaka mabega yakawaka moto. Ghafla Zedekiah akatoa mkono nje ya blanketi akaniashiria. "Mwache Nzomo azungushe. Wewe njoo uone."

Niliingia chini ya blanketi. Palikuwa na joto na harufu ya petroli. Juu ya injini, katikati, kilisimama kifuniko cheusi ambamo nyaya sita hutokea kwenda kwenye plagi sita. Mafundi hukiita distribyuta. Nzomo alipozungusha, niliona uzi wa buluu, mwembamba kama unywele, ukitambaa juu ya kile kifuniko kutoka waya mmoja hadi mwingine, halafu ukishuka kwenye chuma. Umeme wetu ulikuwa unatoroka hapo. Mahali ulipopita palikuwa pamechoreka mstari mweusi, kama wa penseli.

"Juu yake kuna utando unaonata," alinong'ona Zedekiah. "Umeshika vumbi, na umeme umeuchoma ukafanya njia. Kifuniko kikikauka kabisa gari linaendelea. Kikiloa kidogo tu, linakufa. Lakini sijui utando wenyewe ni wa nini. Si mafuta ya injini."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimekwisha sikia harufu yake, na sikuhitaji kuuliza.

Mwaka uliotangulia, siku ya Idi, Bwana Jabir alitualika juu ya duka, walikokaa. Dada yake mkubwa, Bi. Mgeni, mjane aliyeheshimiwa na watu wa pwani wote hapa mjini, alitupokea mlangoni akiwa na mrashi wa fedha wenye shingo ndefu. Alitunyunyizia marashi mikononi, kama afanyavyo kwa wageni wa heshima, akaniambia kwamba anayachanganya mwenyewe, maji ya waridi na mafuta kidogo ya udi na msandali, ili yasikauke upesi. Nilinukia waridi siku mbili. Na sasa, chini ya blanketi la jeshi, injini ya gari ilikuwa inanukia mikono yangu ya siku ile.

Nzomo, alipoulizwa, alijipiga paji la uso. "Bi. Mgeni? Kila harusi humwagia boneti, kumtakia heri bibi harusi. Anamwaga sana. Si jambo la kutaja, ni kama kusema jua limechomoza." Nalo boneti la magari yale ya zamani limeunganishwa katikati kwa bawaba ndefu, na kila tone lilipita hapo likaangukia kifuniko.

Zedekiah alikwangua ule mstari kwa wembe, akafuta kifuniko kwa petroli, akasafisha plagi. Kisha akakata mpira wa ndani wa tairi akakishonea kifuniko kofia. Alipomaliza alikuwa anapiga mluzi.

"Basi twende tukamwambie Bwana Jabir," nilisema.

"La. Tukamwambie kwamba dua ya dada yake ndiyo inayoua gari? Wiki ya harusi ya binti wa huyo mama? Kofia ya mpira inatosha. Gari likienda, jina litarudi lenyewe."

"Gari likienda watasema umeogopa polisi ukarudisha plagi zao."

Mluzi ulikatika. Aliniangalia, akaona kwamba nasema kweli, lakini hakubadilika. "Mama Philister, nakukataza. Yule ni mama wa watu. Sitajisafisha kwa kumpaka yeye."

Alikuwa mwema kuliko mimi, nakiri. Tuliporudi nyumbani nilichukua kitambaa alichofutia kifuniko, nikakikunja ndani ya leso safi, na Ijumaa nikapanda ngazi za nyumba ya Bwana Jabir peke yangu.

Bi. Mgeni alinikaribisha kwa chai ya tangawizi. Chumba kilijaa vitambaa vya harusi, na bibi harusi alikuwa amefichwa chumba cha ndani na somo wake, mama wa kumfunda. Nilimwomba tubaki wawili. Kisha nikafungua leso.

"Mama, nusa hiki."

Alinusa. Akanusa tena. "Hii ni yangu," alisema. "Imechanganyika na uchafu, lakini ni yangu. Umeipata wapi?"

Nilimweleza yote, kama ninavyowaeleza wanafunzi, tangu boneti hadi plagi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka kikombe chini polepole.

"Mumeo ndiye aliyekutuma?"

"Mume wangu amenikataza."

"Na umekuja."

"Nimekuja, Mama."

"Mimi namwagia magari ya maharusi tangu Mombasa, tangu magari yenyewe yanahesabika. Hakuna aliyewahi kuniambia neno." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Unataka nini kwangu? Nisimame Jumapili mbele ya jamaa, mbele ya wakwe, niseme, enyi watu, mimi Mgeni binti Taib ndiye niliyeaibisha harusi saba?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu la swali hilo njia nzima kutoka Riruta. Jibu lilikuwa ndiyo. Lakini nilipomtazama niliona mikono yake ikikunja ile leso yangu na kuikunjua. Alikuwa mwanamke aliyeshika heshima ya nyumba yake peke yake kwa miaka mingi. Siku hizo sikujua kazi hiyo ina uzito gani. Sasa najua.

"Nataka watu wajue kwamba mume wangu si mwizi," nilisema. "Waliambiwa barabarani, mbele ya umati. Namna ya kuwaambia vingine unaijua wewe, Mama. Mimi siwezi kukufundisha."

Alisimama akanifungulia mlango. Halafu akaniambia, "Nenda, mwanangu. Chai yako imepoa." Wala leso hakunirudishia.

Sikumwambia Zedekiah. Siku mbili zile nilipika bila kuonja.

Jumapili barabara ya mbele ya duka ilijaa watu. Gari liling'aa, Nzomo alikuwa na tai yake. Zedekiah alisimama mbali, ukutani, katika koti lake la kanisani, kisanduku cha spana miguuni. Niliwasikia wanaume wawili wakimtaja. "Ndiye yule wa plagi," mmoja alisema, na mwenzake akashika mfuko wake wa kanzu kama kuulinda, wakacheka. Mume wangu alisikia pia. Alitazama viatu vyake.

Bibi harusi alishuka, vigelegele vikapasuka, na Bi. Mgeni akatoka nyuma yake na mrashi wa fedha. Wanawake walimpisha afike kwenye boneti, kama kawaida. Hakwenda kwenye boneti. Alisimama akaangaza huku na huku.

"Fundi yuko wapi?"

Watu waligeuka kumtazama pale ukutani. Bwana Jabir alisogea. "Dada, si wakati..."

"Nimeuliza fundi. Zedekiah! Njoo hapa, mwanangu."

Alikuja, na umati ukamfanyia njia. Alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Lete mikono."

Aliinyoosha. Ilikuwa safi, ila grisi ile isiyotoka kamwe pembeni mwa kucha, na kile kidole kilichopungua. Bi. Mgeni akainamisha mrashi. Hakunyunyiza, alimimina, mpaka marashi yakatiririka hadi kwenye viwiko na kulowesha mikono ya koti. Harufu ilitufikia sote.

"Mikono hii ndiyo iliyolitengeneza gari," alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Haina kitu cha mtu. Mwenye neno aseme sasa, nami niko hapa. Jabir, una neno?"

Bwana Jabir alimtazama dada yake, akamtazama Zedekiah. "Sina neno, dada."

"Vizuri." Kisha akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. "Sasa nionyeshe, Fundi, nimwagie wapi. Nimeambiwa gari hili halipendi marashi yangu kichwani."

Zedekiah alinitupia jicho. Nililijua jicho hilo, tungezungumza nyumbani. Lakini alimjibu kwa upole, "Hapa mlangoni, Mama, anapoingilia bibi harusi."

Akamwagia mlango. Bwana Jabir mwenyewe alimfungulia Zedekiah mlango wa mbele akamketisha kando ya Nzomo, na gari likaondoka nyuma ya ngoma, polepole, barabara baada ya barabara. Halikukohoa.

Nyumbani aliniuliza swali moja tu. "Ulimwambia?"

"Nilimnusisha."

Alivua koti, akalitundika. Lilinukia waridi hadi Agosti, na sikulifua.

Mwaka uliofuata alibadilisha plagi zilezile sita kwa sababu sasa zilikuwa zimezeeka kweli. Alizifunga kwa gazeti, akamrudishia mwenyewe kama desturi yake. Bwana Jabir alilifungua gazeti palepale juu ya meza ya duka, akaziangalia zote, rangi ya chai ya maziwa, kisha akalifunga tena.

"Kaa nazo, Fundi," alisema. "Ni zako."

Ninazo hadi leo, zimepangwa kwa mfuatano wa silinda katika bati ambalo siokei tena mikate. Mtu wa Riruta anayetaka kuziona, nyumba yangu anaijua.